Namna ya Kupata Mkopo wa Haki kutoka kwa Wakopeshaji wa Jamii: Mwongozo Kamili

Mtu anayehitaji fedha kwa haraka huwa na swali moja anapofika kwa mkopeshaji: zitatoka lini? Nimekaa katika kamati ya mikopo ya chama cha ushirika kwa muda wa kutosha kulisikia swali hilo likitangulia mengine yote, na waliouliza jumla watakayokuwa wamelipa hadi siku ya mwisho walikuwa wachache mno. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya swali hilo la pili, pamoja na la tatu ambalo karibu haliulizwi kabisa: nikishindwa kulipa, kitachukuliwa nini, kutoka kwa nani, na kwa utaratibu gani? Mkopo wa haki hutambulika kwa majibu ya maswali hayo mawili. Ujirani, ukarimu wa karani na ufupi wa fomu havimwambii mkopaji lolote kuhusu haki, ingawa ndivyo vinavyowavuta wengi.

Wakopeshaji wa jamii wanaozungumziwa hapa ni vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, vikundi vya kuweka na kukopa, na taasisi ndogo za fedha zinazohudumia eneo au kundi fulani la watu. Mkopo unaozungumziwa ni mkopo binafsi, yaani ule unaochukuliwa kwa mahitaji ya mtu mwenyewe au kaya yake, kama vile ada ya shule, matibabu, ukarabati wa nyumba au ununuzi wa kifaa cha kazi.

Hatua ya kwanza: anza na rejesho, ndipo uje kwenye kiasi

Kabla ya kumtafuta mkopeshaji yeyote, andika mapato yako ya miezi mitatu iliyopita kama yalivyoingia, si kama yalivyotarajiwa, kisha toa matumizi yasiyoepukika. Kinachobaki katika mwezi ulio dhaifu kuliko yote ndicho kipimo chako. Mtu mwenye mshahara anaweza kuchukua wastani, lakini anayeishi kwa biashara, kilimo au vibarua hana budi kutumia mwezi mbaya, kwa sababu rejesho halingoji msimu.

Ukishapata kiwango unachodhani unaweza kulipa kila mwezi, kijaribu. Kitenge kwa miezi miwili mfululizo kana kwamba mkopo umeshaanza, ukiweka fedha hizo mahali usipozifikia kwa urahisi. Ukishindwa kukamilisha jaribio hilo wakati hakuna anayekudai, hutaweza kulitimiza utakapodaiwa. Ukifaulu, tayari una akiba ya marejesho mawili, ambayo itakufaa kama kinga baada ya kukopa, au itapunguza kiasi unachohitaji kuomba.

Katika nchi kadhaa, mikopo inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara hufuata kanuni kwamba mkopaji abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni hiyo huwekwa kama mwisho wa kukatwa, lakini wakopaji wengi huichukulia kama lengo la kufikia. Anayebakiwa na theluthi moja hasa atarudi kukopa kabla ya mkopo wa kwanza kufika nusu, na hapo ndipo mzunguko unapoanza.

Hatua ya pili: mfahamu mkopeshaji kwa aina yake

Ushirika wa akiba na mikopo humilikiwa na wanachama wenyewe. Mwanachama hununua hisa, huweka akiba, na hukopa kutoka kwenye mfuko uliotokana na akiba za wenzake. Wazo hili lina umri mkubwa: Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wanavijiji huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, ili wakulima wasiendelee kunyonywa na wakopeshaji wa riba kubwa, na Alphonse Desjardins akaanzisha chama cha namna hiyo mjini Lévis, Kanada, mwaka 1900. Msingi uliobaki hadi leo ni kwamba kila mwanachama ana kura moja katika mkutano mkuu, awe na hisa nyingi au chache. Kwa mkopaji, jambo hili lina maana ya vitendo, kwa kuwa anaweza kuiona taarifa ya mahesabu ya mkopeshaji wake, kuhoji kiwango cha riba, na kupokea gawio pale chama kinapopata ziada. Udhaifu wake ni muda, kwa sababu vyama vingi hutaka mtu awe ameweka akiba kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba, na kiasi anachoweza kupata hufungwa kwenye akiba hiyo, mara nyingi mara mbili au mara tatu yake.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni kidogo zaidi, aghalabu watu 15 hadi 25 wanaofahamiana. Mfumo unaotumika sana leo ulianza nchini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukiwahusisha wanawake wa vijijini. Wanachama hununua hisa kila wanapokutana, fedha huhifadhiwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake huwa kwa watu watatu tofauti, mikopo hutolewa mbele ya wote, na mwisho wa mzunguko wa takriban mwaka mmoja fedha zote, pamoja na riba iliyokusanywa, hugawanywa kulingana na hisa. Mikopo yake huwa ya muda mfupi, mara nyingi isiyozidi miezi mitatu.

Hapa riba humchanganya msomaji wa haraka. Kikundi kinaweza kutoza asilimia 5 au hata 10 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa mkopeshaji wa kibiashara kingekuwa cha kutisha, lakini riba hiyo hurudi kwa wanachama siku ya mgao. Swali la haki basi ni nani anayerudishiwa. Mwanachama mwenye hisa chache anayekopa mara kwa mara huwalipia wenzake faida, ilhali mwenye hisa nyingi asiyekopa huvuna. Ukijiunga na kikundi kwa nia ya kukopa, nunua hisa zinazolingana na ukopaji wako. Vinginevyo kilichokuvutia kama msaada wa jamii kitakuwa ni wewe unayeisaidia jamii.

Upatu, ambao wengine huuita mchezo, hauna riba kabisa. Anayepokea mapema amekopa, anayepokea mwisho ameweka akiba, na hatari yote iko kwa wa mwisho. Ukihitaji fedha kwa tarehe inayojulikana, kama vile siku ya kulipa ada, kuomba zamu inayofaa katika upatu wa watu waaminifu ni nafuu kuliko mkopo wowote utakaosoma habari zake hapa.

Taasisi ndogo za fedha ni biashara, hata zinapotumia majina yenye maneno kama jamii, familia au maendeleo. Hakuna kosa katika hilo, nazo huwafikia watu ambao ushirika unawaacha, lakini mkopaji hana kura ndani yake na hana mgao, kwa hiyo bei iliyoandikwa ndiyo bei yote. Chini ya hizo wako watu binafsi wanaokopesha bila leseni, wale ambao mikopo yao hupewa majina kama kausha damu. Kwa hao nina ushauri mfupi: hesabu zilizoelezwa hapa chini zikifanywa juu ya masharti yao, hakuna itakayokubali.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba mkopeshaji anatambuliwa

Uthibitisho hufanywa kwa mamlaka inayotoa leseni, na si kwa kutazama cheti kilichotundikwa ukutani, kwa kuwa cheti cha usajili wa kampuni ni kitu kimoja na leseni ya kukopesha ni kingine. Mamlaka hizo hutofautiana. Nchini Kenya, vyama vya ushirika vinavyopokea amana husimamiwa na SASRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na orodha ya vyama vyenye leseni hutangazwa kwa umma. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vikiwa daraja la tatu na vikundi vya kijamii daraja la nne. Nchini Marekani msimamizi wa vyama vya ngazi ya shirikisho ni NCUA. Mahali popote ulipo, uliza jina la msimamizi, kisha umuulize msimamizi mwenyewe.

Sheria za baadhi ya nchi huweka pia ukomo wa riba kwa vyama hivi, na ukomo huo unafaa kuwa kipimo hata kwa anayeishi kwingineko. Uingereza hairuhusu vyama vya akiba na mikopo kutoza zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, isipokuwa Ireland ya Kaskazini ambako ukomo ni asilimia 1. Marekani, vyama vya ngazi ya shirikisho vimewekewa asilimia 18 kwa mwaka kwa mikopo ya kawaida.

Kwa kikundi kidogo kisicho na msimamizi wa karibu, uthibitisho hugeuka kuwa ukaguzi wa macho. Omba kuona katiba ya kikundi, daftari la mikopo na mahali sanduku linapohifadhiwa, kisha hudhuria mkutano mmoja kama mgeni. Ukiona hesabu zinasomwa kwa sauti mbele ya wote na wanachama wanazipinga bila woga, umeona jambo lenye thamani kuliko cheti. Ukiona mwenyekiti au mweka hazina anajibu maswali yote peke yake, na daftari liko nyumbani kwake, ondoka.

Hatua ya nne: tafuta gharama kamili

Hii ndiyo hatua inayoamua, na nitaikalia kwa muda. Neno riba ya asilimia 2 kwa mwezi halina maana yoyote mpaka ujue asilimia hizo zinatozwa juu ya nini.

Chukua mkopo wa 1,200 katika sarafu yoyote, unaolipwa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anatoza riba ya kiwango sawa, yaani asilimia 2 ya kiasi cha awali kila mwezi hadi mwisho. Riba ni 24 kwa mwezi, jumla 288, na utarejesha 1,488 kwa marejesho ya 124. Mkopeshaji wa pili anatoza asilimia zilezile juu ya salio linalopungua. Ukilipa 100 za msingi kila mwezi, yaani za fedha zenyewe ulizokopa bila riba, riba ya mwezi wa kwanza ni 24, ya pili ni 22, na inaendelea kushuka hadi 2 katika mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni 156, na utarejesha 1,356. Matangazo ya wakopeshaji hawa wawili yanasema jambo lilelile, lakini mmoja anachukua riba inayokaribia mara mbili ya mwenzake.

Ubaya wa kiwango sawa huonekana zaidi mwishoni. Katika mwezi wa 12 unadaiwa msingi wa 100 pekee, lakini bado unatozwa 24, kana kwamba 1,200 zote zingali mfukoni mwako. Ukizigeuza hesabu hizo ziwe riba ya salio linalopungua, asilimia 2 za kiwango sawa kwa mkopo wa miezi 12 zinakuwa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa makadirio ya haraka, zidisha riba ya kiwango sawa kwa 1.8 kila unapolinganisha mikopo ya takriban mwaka mmoja. Hutakuwa mbali na ukweli.

Kisha ongeza ada. Tuseme mkopeshaji wa kwanza anakata ada ya maombi ya asilimia 3 na bima ya asilimia 1 kabla ya kukukabidhi fedha. Utapokea 1,152, ilhali utarejesha 1,488 zilezile. Gharama sasa ni 336, na kiwango halisi kinapanda hadi takriban asilimia 4.2 kwa mwezi, ambazo ni kama asilimia 50 kwa mwaka, kwa mkopo uliotangazwa kuwa wa asilimia 2. Hakuna uongo uliosemwa mahali popote katika safari hiyo, na ndiyo maana mkopaji hana wa kumlalamikia baadaye.

Kwa sababu hiyo, usimuulize mkopeshaji kiwango chake cha riba kama swali la kwanza. Muulize haya kwa mpangilio huu, na uandike majibu mbele yake: nitapokea mkononi kiasi gani baada ya makato yote, nitalipa kiasi gani kila mwezi na mara ngapi, jumla ya malipo yangu yote itakuwa ngapi, na nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki itafutwa au nitaidaiwa? Tofauti kati ya jibu la tatu na la kwanza ndiyo gharama ya mkopo. Mkopeshaji wa haki atakupa jedwali la marejesho linaloonyesha msingi, riba na salio la kila mwezi. Asiyeweza kulitoa kabla ya kutia saini hataweza kulitoa baadaye, wakati mtakapokuwa mnabishana kuhusu salio.

Muda nao ni bei. Mkopo uleule wa 1,200 kwa salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 24 badala ya 12, unaanza na rejesho la 74 badala ya 124, jambo linaloonekana kuwa ahueni, lakini jumla ya riba inapanda kutoka 156 hadi 300. Chagua muda mfupi kadiri jaribio lako la hatua ya kwanza linavyoruhusu, na usiruhusu karani akuchagulie.

Hatua ya tano: usiisahau akiba iliyofungwa

Vyama vya ushirika huonekana nafuu, na kwa kawaida ni nafuu kweli, lakini akiba ya lazima huwa haiingizwi kwenye hesabu. Mwanachama mwenye akiba ya 400 anayekopa 1,200 amepata kutumia 800 tu zaidi ya zile zilizokuwa zake, huku akilipa riba ya 1,200 zote. Akiba yake inaweza kuzaa kitu: ikiwa chama kinalipa asilimia 6 kwa mwaka, atapata 24, na gharama yake halisi itashuka kutoka 156 hadi 132. Mwaka ambao chama hakilipi chochote, nafuu hiyo haipo, na kwa hiyo ni vyema kuuliza kiwango kilicholipwa katika miaka mitatu iliyopita kabla ya kukiingiza kwenye hesabu.

Uliza pia kama akiba inaweza kutolewa bila kujiuzulu uanachama. Katika vyama vingi haiwezekani, na anayejiuzulu husubiri siku nyingi kabla ya kulipwa. Ikiwa unahitaji 300 na una akiba huru ya 400 mahali pengine, kukopa ni kulipa riba kwa ajili ya kuipendeza akiba yako. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa kujivunia kwamba hawajagusa akiba, na sikupata kuelewa fahari hiyo ilikuwa ya nini.

Hatua ya sita: dhamana, na watu watakaodhamini

Dhamana ya haki hulingana na mkopo. Kuweka hati ya kiwanja kwa mkopo ambao thamani yake ni sehemu ndogo ya kiwanja hicho ni kumpa mkopeshaji sababu ya kutamani ushindwe. Toa kitu kidogo kadiri inavyokubalika, kiandikwe kwa jina, namba na hali yake, na upewe stakabadhi ya kukipokea.

Yako mambo matatu ambayo usiyakubali hata ukiwa na shida kubwa. La kwanza ni kukabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri, kwa sababu kuanzia hapo mkopeshaji ndiye anayepanga nani alipwe kwanza kwenye mshahara wako. La pili ni kutia saini karatasi yenye nafasi tupu, iwe ni fomu, hundi au hati ya kiapo. La tatu, lenye madhara kuliko yote, ni kutia saini mkataba wa mauzo ya nyumba, kiwanja au chombo cha usafiri kwa maelezo kwamba ni utaratibu tu na karatasi itachanwa ukimaliza kulipa. Karatasi hiyo ikifika mbele ya hakimu haitasomeka kama mkopo, na wewe utakuwa muuzaji anayekataa kukabidhi alichouza.

Wadhamini wanahitaji maelezo ya kina zaidi, kwa sababu hapo ndipo mkopo wa jamii unapotofautiana na wa benki. Katika ushirika, mdhamini hufungiwa sehemu ya akiba yake hadi mkopo wako uishe. Hawezi kuitumia kupata mkopo wake mwenyewe, na ukikwama, huchukuliwa. Kabla ya kumwomba mtu, jua kama kila mdhamini anawajibika kwa sehemu yake tu au kwa deni lote, kama wajibu wake unapungua kadiri unavyolipa, na kama anaweza kubadilishwa na mwingine akitaka kujitoa. Mweleze majibu hayo yeye mwenyewe, umwonyeshe jedwali la marejesho, na umwambie ukweli kuhusu madeni mengine uliyo nayo. Anayekubali kukudhamini bila kuuliza chochote huwa hajaelewa, na siku atakapoelewa mtakuwa mmepoteza zaidi ya fedha.

Vilevile, jihadhari na udhamini wa kubadilishana, ule wa nidhamini nikudhamini. Watu wanne wakidhaminiana kwa mzunguko, anguko la mmoja huwavuta watatu, na kila mmoja hujikuta akilipa la mwenzake wakati la kwake nalo limesimama.

Hatua ya saba: soma mkataba kwa kuanzia mwisho

Sehemu ya mwanzo ya mkataba hurudia yale uliyokwisha kuambiwa. Masharti ya kushindwa kulipa huwekwa kuelekea mwisho, na hayo ndiyo ya kusomwa kwanza. Angalia adhabu ya kuchelewa inatozwa juu ya nini: rejesho lililochelewa au salio lote. Adhabu ya asilimia 5 ya rejesho la 124 ni kama 6, ilhali asilimia 5 ya salio la 1,000 ni 50, na ikitozwa kila mwezi inaweza kuzidi riba yenyewe. Angalia kama adhabu nayo huongezwa kwenye deni na kuanza kutozwa riba. Angalia ni baada ya kuchelewa mara ngapi mkopeshaji anaruhusiwa kudai deni lote kwa mkupuo, na ni siku ngapi za taarifa ya maandishi anazopaswa kutoa kabla ya kugusa dhamana.

Kuhusu bima ya mkopo, uliza inalipa katika matukio yapi. Iliyo ya kawaida hufuta deni mkopaji anapofariki au kupata ulemavu wa kudumu, na hivyo huwaokoa warithi na wadhamini. Haisaidii chochote ukipoteza kazi, isipokuwa imeandikwa hivyo.

Omba kwenda na nakala nyumbani usiku mmoja kabla ya kutia saini. Ombi hili lina faida hata kama husomi neno, kwa sababu jibu lake linakueleza mengi. Kama lugha ya mkataba huielewi vizuri, mtafute mtu asiye na maslahi akusomee, na usikubali mkopeshaji awe ndiye mfasiri wako.

Mikopo ya kwenye simu ina masharti yake yanayokubaliwa kwa kubonyeza. Kinachopaswa kutazamwa hapo, kabla ya riba, ni ruhusa ambazo programu inaomba. Inayotaka orodha ya watu uliowasiliana nao au picha zako inajiandaa kuwaaibisha jamaa zako ukichelewa.

Hatua ya nane: peleka ombi lililonyooka

Kamati za mikopo hazitafuti mtu tajiri. Zinatafuta ombi linaloeleweka. Ambatisha kitambulisho, uthibitisho wa mapato (hati za mshahara, taarifa ya benki au ya malipo ya simu, au daftari la biashara), makadirio ya gharama ya jambo unalotaka kulifanya, na orodha ya madeni yako yote. Wengi huficha hilo la mwisho, na hukosea, kwa kuwa deni lililotajwa hujadiliwa, ila lililogunduliwa hukataliwa pamoja na mwenyewe. Omba kiasi unachohitaji, bila kuongeza nusu kwa kutarajia kukatwa. Mazoea hayo ya sokoni huifanya kamati ishuku na mengine uliyoandika.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Inawezekana ni kumbukumbu ya deni la zamani lililobaki katika taasisi ya taarifa za mikopo ingawa ulishalipa, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kupeleka ushahidi wa malipo. Inawezekana pia kamati imeona rejesho ni zito kwako. Katika hali hiyo, kabla ya kukimbilia mkopeshaji mwingine asiyeuliza maswali, jiulize kwa nini yeye haulizi.

Hatua ya tisa: unapolipa, na unapomaliza

Kila rejesho liwe na stakabadhi, na katika kikundi liandikwe kwenye kitabu chako wakati uleule, mbele yako. Linganisha salio lako na jedwali kila baada ya miezi mitatu. Makosa ya uandishi hutokea hata kwa watu waaminifu, nayo hurekebishwa kwa urahisi yakiwa machanga.

Ukiona dalili kwamba rejesho lijalo litakwama, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe kufika, ukiwa na pendekezo la maandishi: kiasi unachoweza kulipa sasa, na lini utarudi kwenye kiwango cha kawaida. Mkopaji aliyekuja mapema hupangiwa upya muda wa kulipa. Aliyesubiri kutafutwa hukuta faili lake limeshahamishiwa kwa wanaofuatilia wadaiwa. Waarifu wadhamini wako siku hiyohiyo, wasipate habari kwa barua ya chama.

Usichanganye kupangiwa muda upya na kupewa mkopo juu ya mkopo. Katika mkopo juu ya mkopo, deni la zamani hulipwa kwa deni jipya kubwa zaidi, ada ya maombi na bima hukatwa upya kwa kiasi chote, na wewe huondoka na fedha kidogo mkononi na miezi mingi zaidi mbele yako. Chukua mfano wetu wa kwanza: anayedaiwa 600 na kupewa mkopo mpya wa 1,200 atakatwa asilimia 4, yaani 48, na 600 za kulipia deni la zamani, na kubaki na 552. Amelipia ada fedha ambazo nusu yake alikwisha kuilipia ada mara ya kwanza.

Ukimaliza, omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, yenye tarehe, muhuri na namba ya mkopo. Chukua dhamana yako siku hiyo ukiwa na stakabadhi uliyopewa ulipoikabidhi. Kama hati ya mali ilisajiliwa kuwa na zuio la mkopeshaji, hakikisha zuio limeondolewa katika ofisi ya usajili yenyewe, kwani kurudishiwa karatasi hakuliondoi. Waombe maofisa wa chama wafungue akiba za wadhamini wako, kisha baada ya wiki chache muulize kila mmoja wao kama imefunguliwa kweli, kwa sababu kazi hiyo husahaulika mara nyingi, na mdhamini hugundua siku anapokwenda kuomba mkopo wake mwenyewe.